Mama Brayo, nimeuona mto wetu kule juu

Mama Brayo dadangu,

Habari ya huko Busia, watoto wako aje, mama mguu umepoa? Na yule ng'ombe mlisema anakaribia kuzaa, ameshazaa ama bado mnangoja? Sisi huku tuko, tunamshukuru Mungu, ni hii baridi ya Julai tu imetukalia, mimi nafunga cherehani saa kumi na mbili jioni vidole vimekufa ganzi. Baba Shiko anakusalimia, Mama Oti pia, hata yule kijana wa mkaa juzi ameniuliza kwani mama wa mahindi atarudi lini.

Najua nimekaa wiki tatu bila kukujibu. Si hasira, wallahi si hasira. Ni ile meseji yako ya usiku, ile uliniambia nisikutajie tena mambo ya mto, ati huo mto ni laana na hutaki mtoto wako aukumbuke. Niliandika jibu nikafuta, nikaandika tena nikafuta, mwishowe nikaweka simu chini nikalala. Ningekuambia nini? Wewe ndiye uliyetoka kwa hiyo nyumba usiku wa mafuriko na mtoto shingoni, mimi nilikuwa juu ghorofani nikisikia tu nduru. Lakini sasa nimeona kitu Jumamosi na kimenikaa kwa roho, na hakuna mtu mwingine wa kuambia ila wewe, kwa hivyo nivumilie, nitautaja mto. Ukishindwa kusoma weka kando usome siku nyingine.

Ilianza na homwaki ya Shiko. Sasa ako gredi ya nne, na mwalimu amewaambia kila mtu atafute mto ulio karibu na kwao auchore, unatoka wapi, unapita wapi, unaishia wapi, na chini waandike nani anautumia na nani anauharibu. Shiko akaniuliza wetu unatoka wapi. Mama Brayo, mimi nimezaliwa Mathare, nimefua nguo kwa huo mto nikiwa msichana, na sikuwa na jibu. Nikamwambia unatoka huko juu. Akaniuliza juu wapi, nikamwambia ngoja Kadogo aje.

Kadogo anajua kwa sababu siku hizi ndiyo kazi yake. Hukujua? Tangu mwisho wa 2024 ako na wale vijana wa Climate WorX wanaosafisha mito, anavaa gambuti mpaka magoti na glavu, wanatoa magodoro huko ndani, daipa, viatu, nguo zimeoza, siku moja walitoa kochi zima. Amekomaa yule kijana, ungemwona ungeshangaa. Basi yeye ndiye alituambia ati Gitathuru, hiyo yetu ya hapa chini, inapitia msitu wa Karura kabla ya kufika kwetu. Nikamwambia Karura gani, Karura ya matajiri? Akasema hiyo hiyo. Akasema mtoto akichora kuanzia darajani atakuwa amechora mkia akaacha kichwa. Ndio tukapanga Jumamosi.

Tulitoka saa moja asubuhi, mimi, Shiko na Kadogo, chapati nane kwa kikapu, mayai ya kuchemsha na thamosi ya chai. Tukapanda kwa miguu mpaka Muthaiga, tukashika matatu ya Kiambu, na kabla hata sijakaa vizuri makanga anaita Karura getini. Nilikasirika, nakuambia ukweli. Nilikasirika kwa sababu ni hapo tu! Miaka yote hiyo nilifikiria ni safari, kumbe ni dakika chache, na hatukuwahi kuwapeleka watoto hata siku moja, Jumapili zote zile tulikuwa tunakaa nao pale kwa ngazi wakicheza na vifuniko vya soda.

Getini tukalipa kwa simu, mlinzi akaangalia kikapu, akatoa chupa ya maji ya Shiko akasema hii inabaki, chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi misituni na kwenye mbuga tangu Juni 2020. Shiko akanuna kidogo. Huyo mlinzi akatuambia yeye ametoka Huruma, mimi nikaruka kwa furaha nikamuuliza Huruma sehemu gani, karibu na nani, kumbe ni Huruma nyingine, kijiji kiko huko upande wa Runda kimepakana na msitu. Tukacheka. Lakini akatupenda, akatuelekeza vizuri, kila njia panda iko na kibao cha namba kwa hivyo hata mgeni hawezi kupotea, unafuata namba tu.

Sasa Mama Brayo nikuambie vile kuko. Mara ya kwanza bado unasikia magari ya Kiambu Road, halafu unatembea, barabara ni ya udongo mwekundu, unatembea, na kuna mahali sauti ya magari inakatika, sijui ni wapi hasa, unashtukia tu haipo. Unasikia viatu vyako. Shiko alinishika mkono hapo, nikafikiri anaogopa, akaniambia mama kumetulia sana. Mtoto wa Mathare, hajawahi kusikia kimya mchana. Upande mmoja ni mikaratusi mirefu inajichuna magome, ile ilipandwa enzi za mkoloni kwa ajili ya kuni za reli, na upande mwingine wameanza kurudisha miti ya kienyeji, kuna mihugu mikubwa ya zamani, shina limejikunja kama mkono wa mzee. Msitu wote ni zaidi ya hekta elfu moja, ulitangazwa hifadhi 1932. Watu wanakimbia na mbwa wao, wengine baiskeli, wanakusalimia! Mtu humjui anakwambia habari ya asubuhi. Kadogo alikuwa anageuka kuangalia kama wanasalimia mwingine nyuma yake.

Kima walituibia chapati mbili, hiyo sitaki kuizungumzia. Lakini tuliona mbega wawili juu kabisa, wale weusi na nywele nyeupe ndefu, wameketi kama wazee wa kanisa. Waliletwa hapo kutoka Kipipiri, hawakuwa wamebaki. Shiko aliwachora papo hapo kwa kitabu cha hesabu. Halafu kuna tanuri la mawe, ati Benki Kuu ilikuwa inachomea noti kuukuu hapo ndani, Kadogo akazunguka mara mbili akiangalia chini, nikamuuliza unatafuta nini, akanyamaza.

Maporomoko yako kwa Mto Karura, si ule wetu. Unashuka ngazi, unayasikia kabla hujayaona, maji yanaanguka kwa mwamba na yale matone madogo yanakupata usoni. Shiko alifungua mdomo. Pembeni kuna mapango, wanasema Mau Mau, wale wapiganaji wa uhuru, walijificha humo, ndani ni baridi na mizizi imeshuka kutoka juu kama kamba. Nilikumbuka shosho wa kona, vile alikuwa akitusimulia mambo ya emajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni, akituambia tunyamaze. Angependa kufika hapo. Niliwasha tochi ya simu nikaizima haraka, sikutaka.

Tukakaa tukala. Na hapo nikamweleza Shiko habari za Wangari Maathai, kwamba huu msitu ulikuwa umeanza kugawiwa watu wajenge manyumba, na yeye na wanawake wenzake wakaja na miche, na tarehe 8 Januari 1999 walipokuja kupanda mti getini wakapigwa na watu waliokodishwa, yeye akapasuliwa kichwa, akaenda kuripoti na akaweka sahihi kwa damu yake mwenyewe. Miaka mitano baadaye, 2004, dunia nzima ikampa tuzo ya Nobel. Shiko akauliza, sasa kama hangepigwa hakungekuwa na miti? Nikamwambia labda kungekuwa na geti tu, na sisi tungekuwa nje ya hilo geti.

Haya, sasa ndio nafika kwenye nilikuwa nataka kufika.

Mchana tukashuka upande ule mwingine, tumeelekezwa, na Kadogo akasimama mbele yetu akasema, hii hapa. Gitathuru. Nikamwambia usinidanganye. Nilikuwa nangoja nione kitu cheusi, si unajua ile rangi yetu, ile ya mafuta ya gari na povu. Ilikuwa mto mdogo tu, unaweza kuuruka kama una miguu mirefu, maji rangi ya chai isiyo na maziwa, na nilikuwa naona mawe chini. Mama Brayo, naona mawe. Nikachutama. Kuna jiwe moja lilikuwa limeota majani membamba kama nywele, na maji yakipita zile nywele zinalala zote upande mmoja, zikiinuka kidogo, zinalala tena. Na juu ya maji kuna vile vijidudu vyenye miguu mirefu vinateleza bila kuzama. Harufu ni ya udongo. Nilivuta harufu mpaka Kadogo akaniuliza kama niko sawa. Udongo na majani, basi.

Si kwamba ni safi kabisa, nisikudanganye. Kwenye mzizi mmoja kulikuwa kumenasa kipande cha nailoni na soli ya raba. Na mlinzi wa huko alipoona Shiko anataka kunawa alimzuia, akasema haya maji yameshapita mitaa kabla ya kuingia hapa, yaangalieni tu. Mitaa gani? Ile ya watu wenye pesa, huko juu. Kwa hivyo hata kabla hayajatufikia yameshaguswa.

Na hapo ndipo Shiko aliniuliza. Alikuwa na penseli mdomoni, akaangalia maji, akasema, "Mama, huu ndio ule wetu?" Nikamwambia ndio. "Sasa nani aliuchafua, ni sisi?"

Mama Brayo, nilikosa la kusema. Si kwamba sikuwa na maneno, yalikuwa mengi yakafunga njia. Nilifikiria yale mapipa ya chang'aa chini kwa mto, moto usiku na mchana. Nikafikiria mabomba ya maji taka yaliyofunguka miaka mingapi na hakuna aliyekuja. Nikafikiria lori la takataka, wewe umewahi kuliona likishuka kwetu? Halafu nikajifikiria mimi. Na wewe. Vile choo cha kulipia kilikuwa kinafungwa usiku, na ndoo asubuhi tulikuwa tunaimwaga wapi? Maganda yako ya mahindi, vitambaa vyangu vya cherehani, vile vipande vidogo, gunia zima kila mwezi. Tulimwaga. Nimemwambia mtoto wangu si sisi pekee, na ni kweli si sisi pekee, lakini aliniangalia vile watoto huangalia wakijua umekata jibu katikati. Akaandika kitu kwa kitabu akakifunika na mkono.

Na ndio nikakumbuka meseji yako. Sitaki kubishana na wewe dadangu. Usiku ule wa Aprili 2024 sijausahau hata mimi, mvua imenyesha wiki nzima, halafu ile sauti kama lori linashuka gia, halafu stima zikapotea. Nakumbuka nikikuona asubuhi pale kwa duka, umesimama na Brayo, umeshika hiyo sufuria yako kubwa na mfuniko hauko, na ulikuwa unaniambia mfuniko, mfuniko umeenda, ukirudia tu hilo. Ulikuwa hujui bado kuhusu shosho. Mimi nilijua na sikukuambia mpaka jioni, na hiyo nimeibeba mpaka leo, niwie radhi. Halafu wiki hazikuisha serikali ikaja na tingatinga, mita thelathini kutoka mtoni kila kitu chini, hata ile kuta moja yako iliyobaki.

Lakini nilipokuwa nimechutama pale niliona kitu. Kule kingo zake ni miti. Ardhi imeshuka polepole, kuna nyasi za maji, kuna mahali palipo wazi kabisa hakuna kitu, Kadogo akasema mvua ikija mto unapanuka hapo unatulia, ukimaliza unarudi. Uko na nafasi yake. Sasa fikiria huo huo mto unatoka hapo, unapata lami, unapata kuta, unapata mabati mpaka ukingoni, maji yote ya barabara yanaangushiwa humo mara moja, na chini umejazwa taka mpaka umekuwa mwembamba kama mfereji. Utaenda wapi? Utaingia kwa nyumba. Mimi nimeuangalia kwa macho yangu na sikuona laana, nilikuwa naona mto mdogo mtulivu unaoelekea kwetu bila kujua. Nililia, si sana. Kadogo akajifanya anafunga viatu.

Sikuambii urudi kuupenda. Shosho hatarudi. Nakuambia tu kwa sababu ulisema hutaki Brayo aukumbuke, na mimi nafikiri, sijui, labda akiuona huko juu atakuwa na kitu kingine cha kuweka kando ya kile alichonacho. Mama Oti anasema bado akinyeshewa anajificha chini ya kitanda hata huko Busia, ni kweli? Ungeniambia wewe mwenyewe ningefurahi kuliko kusikia kwa watu.

Tulirudi jioni. Tulitoka getini saa kumi na moja, miguu imechoka, Shiko amelala kwa matatu na mdomo wazi, na tulipofika darajani kwetu akaamka akasimama, akaangalia chini muda mrefu. Maji meusi. Ile povu imezunguka tairi. Watu wanapita na shughuli zao. Hakusema kitu, na mimi sikumharakisha. Kadogo akamwonyesha sehemu ambayo wao wamesafisha wiki hiyo, kipande kama cha nyumba mbili hivi, wamepanda na mianzi pembeni. Ni kidogo sana ukilinganisha. Lakini ameipanda mwenyewe na alikuwa anaionyesha kama mtu anaonyesha shamba.

Mchoro wa Shiko umekuwa mzuri, nitakutumia picha. Amechora kutoka juu, miti, mbega, nyumba za watu wenye pesa, Karura, Muthaiga, halafu sisi, nyumba ndogo ndogo nyingi mpaka karatasi ikaisha akaongeza nyingine na gundi, halafu Mto Nairobi, halafu Athi, halafu amefuata mpaka Sabaki na bahari kule Malindi, huko ameweka samaki. Nyumba yako ameiweka. Amechora mlango wa bluu. Nilimuuliza kwa nini na nyumba haiko, akasema mwalimu alisema wachore mto unapita wapi, na ulipita hapo.

Mahali pa "nani anautumia" ameandika mengi, watu wa kufua, watoto, ndege, Kadogo. Mahali pa "nani anauharibu" ameacha wazi. Ameniambia mama nitajaza ukinijibu vizuri.

Sasa nisaidie. Wewe ulikuwa unajua kuongea na watoto, hata wangu walikuwa wakikimbilia kwako. Ungemwambia nini? Ungemwambia ni sisi? Ama ungeanza na wale wa juu? Mtoto wa miaka tisa anaweza kubeba hiyo ya choo na ndoo, ama nimwachie mpaka akue? Na wewe mwenyewe, umenikasirikia kwa kuandika haya yote baada ya kuniambia nisiandike? Likizo ya Agosti mtaweza kuja hata wiki moja, mlale kwangu, nauli tusaidiane, twende Karura na Brayo, na asipotaka kushuka mtoni tukae tu kule juu na mbega? Mama anaweza kubaki na nani? Na sufuria, watu wawili wameshaniuliza bei, mmoja ni yule wa githeri wa steji, nimewaambia si yangu, niuze ama niendelee kukuwekea? Nimeitafutia mfuniko Gikomba, umeingia vizuri sana.

Mwalimu anakusanya vitabu Ijumaa, kwa hivyo ukiweza nijibu kabla ya Alhamisi usiku, hata kwa kifupi.

Wako,
Mama Shiko